Wageni wa Kichanja cha Tisa

Taa ya mia nne na sitini iliwaka kabla chai ya Siwatu haijapoa.

Alikuwa amesimama kibandani mbele ya ubao, kikombe mkononi, na kunywa amesahau. Ubao ulikuwa mpana kama mlango wa ghala. Ulichorwa mto mzima wa Nyamatanga, tangu kona ya Mkongo hadi pale unapokutana na bahari, na juu ya mchoro huo zilipangwa taa ndogo mia tano, kila taa na chaza wake kule nje kwenye maji. Chaza akifungua kombe zake apumue, taa yake huwaka kijani. Akijifunga, huzimika.

"Hesabu tena," alisema Bwana Kilindo, mkaguzi wa Baraza la Maji.

"Nimehesabu mara tatu, Bwana Kilindo."

"Ya nne haina gharama."

Siwatu akahesabu ya nne. Mia nne na sitini. Sheria ilitaka mia tatu na hamsini tu, saa sita mchana, maji yakiwa yamekupwa na kusimama. Sasa ilikuwa saa moja asubuhi, maji yameanza kuteremka, na moyo wake ulikuwa unapiga kama wa mtoto aliyeambiwa kesho ni Idi.

Miaka mitatu Nyamatanga ilikuwa imefungwa. Zamani mto ulipimwa kwa chupa. Mtaalamu alikuja Jumatatu na chupa yake, sumu ikapita Jumanne, na Jumatano watoto wakaanza kutapika. Mwanate, binti wa Siwatu, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka mitatu, na kwa siku tisa hakumjua mama yake. Baada ya msiba ule ndipo mto ulipopewa kauli. Chaza mia tano waliwekwa kwenye vichanja ishirini, kila mmoja amebanwa kifaa kidogo ukingoni mwa kombe, ambacho akina mama walikiita kipini kwa kuwa kilikaa kama kipini cha puani. Chaza hunywa maji mchana na usiku. Maji yakiwa na neno baya, hujifunga, na kipini husema. Hakuna waziri wala tajiri aliyeweza kumbembeleza chaza afungue kinywa.

Kijiji kizima kilihamishiwa Mkongo, juu kwenye mchanga, mpaka mto useme wenyewe kwamba umepona. Walibaki walezi kumi na wawili wa kuosha vichanja, na Siwatu mpimaji. Kila mwaka baada ya masika kauli ilichukuliwa mara moja. Mwaka wa kwanza taa mia na tisini. Mwaka wa pili mia mbili na kumi.

"Na leo hivi," alisema Bwana Kilindo, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na ukungu. "Mama Mwanate, mimi nimefunga mito minne. Sijawahi kufungua hata mmoja."

Simu ya upepo ikakoroma mezani. Ilikuwa sauti ya Mtoro, nahodha wa pantoni iliyobeba watu wa Nyamatanga, magodoro yao na kuku wao. Walikuwa wamefika kwenye kamba ya mpaka, wakisubiri saa sita.

"Kibandani, mnasikia? Huku watu wameshaanza kugombea nani atashuka kwanza. Na kuna mtu mmoja mdogo hapa ananivuta shati, anataka kuongea."

"Mama," ikasema sauti nyingine, nyembamba. "Mto umeamka?"

"Unaamka, mwanangu. Umefungua jicho moja."

"Uambie ufungue na la pili."

Siwatu alicheka mpaka chai ikamwagika.

Ni kwa furaha hiyo aligusa taa za kichanja cha tisa. Hakuwa na shaka yoyote. Alitaka tu kuona pumzi zao, kama mtu anavyofunua chandarua amtazame mtoto aliyelala. Ukigusa taa, ubao hukuchorea mstari wa pumzi ya chaza yule, unavyopanda na kushuka na maji.

Mistari ya kichanja cha tisa ilikuwa mizuri na yenye nguvu. Lakini ilikuwa imechelewa.

Siwatu akasogea karibu. Chaza huijua saa ya maji ya mahali alipolelewa. Ukimhamisha, wiki mbili nzima ataendelea kufungua na kufunga kwa saa za kwao, kama mgeni anayeamka alfajiri kutafuta jiko ambalo liko nyumba nyingine. Hawa wa kichanja cha tisa walikuwa nyuma kwa dakika arobaini. Hivyo ndivyo yanavyochelewa maji ya Kijito cha Chemchemi, nyuma ya mikoko, ambako hakuna kichanja hata kimoja.

Akagusa cha kumi. Akagusa cha kumi na mbili. Kikombe akakiweka chini.

"Naenda kuwaona walezi mara moja," alisema.

"Nenda. Lakini hujala," alisema Bwana Kilindo, akamfungia vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha ndani ya leso yake mwenyewe, safi, iliyopigwa pasi.

*

Bi. Hadia alikuwa ndani ya maji ya magoti, kanga ameifunga juu, anaosha kichanja cha tisa kwa brashi ya kumbi la nazi. Alikuwa mkubwa wa walezi. Karibu naye alikuwa Somoe, mke wa Mtoro, ambaye asubuhi ile alikuwa amejipaka wanja kwa ajili ya mume, na matope yalikuwa yamemfika kwenye nyusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Taa ngapi?"

"Mia nne na sitini."

Somoe alipiga kigelegele, ndege wakaruka kwenye mikoko. Bi. Hadia hakupiga. Alitabasamu tu, akaendelea kuosha.

"Bibi," alisema Siwatu taratibu, "hawa wa kichanja hiki wametoka wapi?"

"Chemchemi," alijibu Bi. Hadia, bila kuficha hata punje. "Wenyewe waliugua. Tumewashikia zamu."

Siwatu akasimama pale kwenye matope. Alielewa kila kitu mara moja, na mtu wa nje asingeelewa kabisa.

Nyamatanga, mwanamke akiugua, jiko lake haliachwi lipoe. Jirani huingia, akavaa kanga ya mgonjwa, akashika mwiko wake, na akalijibu jina lake. Mgeni akibisha, "Hodi kwa Mama Fulani," jirani huitika, "Karibu," kana kwamba ndiye. Hufanya hivyo mpaka mwenyewe ainuke, na hakuna anayeuliza siku ngapi. Zile siku tisa Siwatu alipokaa hospitali na Mwanate, ni Bi. Hadia aliyevaa kanga yake, akapika, na akaitika "Mama Mwanate" kila mtu alipobisha.

"Na vipini?" aliuliza.

"Tuliwavua wagonjwa, tukawavisha wazima, na kila wiki mbili tunaleta wageni wengine kabla nao hawajaugua. Jiko linataka mwenyewe. Au mwenzetu, wewe wa vyuoni, ungeacha nafasi wazi mpaka mto uone aibu?"

"Wako wapi hao wagonjwa?"

Somoe alimshika mkono akampeleka nyuma ya mikoko, kwenye kidimbwi kando ya kijito. Walikuwa ndani ya vikapu vya ukindu, wamepangwa kwa upole kama mayai. Kila chaza alikuwa amefungiwa kipande cha kanga kuukuu, na juu ya kitambaa, kwa wino wa kufulia nguo na mwandiko wa kutetemeka, iliandikwa namba ya kipini chake. Bi. Hadia alijifunza kuandika namba akiwa na miaka sitini, kwenye darasa la watu wazima.

"Mia moja na sitini," alisema Somoe. "Bibi huja kuwatazama hata mvua ikinyesha. Wengine wamepona, wengine bado. Tungewarudisha wote siku wakiwa wazima."

Siwatu alifanya hesabu bila kutaka. Mia nne na sitini, toa mia moja na sitini. Mia tatu. Zilipungua hamsini.

Somoe aliuona uso wake. Sauti yake ikashuka.

"Shoga. Nani anajua habari hii? Mimi, wewe, na wanawake kumi na mmoja wasiokuwa na midomo mirefu. Mume wangu yuko kwenye kamba pale. Mwanao yuko pale. Mia tatu siyo mbali na mia tatu na hamsini. Ni watu wa harusi moja tu."

"Na kama wale hamsini wanaopungua ndio wanaojua kitu?"

"Kitu gani?"

"Kile alichokijua Mwanate akiwa na miaka mitatu."

Somoe akasogea, akalichota tope lililokuwa shavuni mwa Siwatu kwa ncha ya kanga yake, akampangusa vizuri. "Basi kaseme," alisema. "Lakini usije ukasema ni kosa la bibi. Sema ni sisi sote."

*

Bwana Kilindo alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti, akafungua kitabu cha sheria, akalowesha kidole gumba, akaanza kufunua.

"Kwa desturi," alisema, "hapa nafuta kauli, tunasubiri mwaka mwingine. Mwaka, au mpaka chanzo cha sumu kijulikane. Chanzo kikijulikana kauli inarudiwa bamvua linalofuata, maji makubwa yajayo, siku kumi na nne. Lakini tumekitafuta miaka mitatu."

"Kauli haijachukuliwa bado," alisema Siwatu. "Ni saa mbili na robo. Tukiwarudisha wagonjwa mahali pao sasa hivi, saa sita watasema wao wenyewe."

"Watafunga. Wamezoea maji safi ya kidimbwi, utawatia humu wafungue?"

"Waliopona watafungua. Na wasiopona watatuambia hivyo hivyo. Mimi sitaki mwanangu aje kwa neno la mgeni, Bwana Kilindo."

Akafunua ukurasa mwingine. Akarudi nyuma mmoja. Kidole kikasimama.

"'Kila kipini kiwe juu ya chaza wake wakati maji yamesimama,'" alisoma. Akaikunja miwani. "Haisemi alfajiri alikuwa wapi." Akainuka haraka kama kijana. "Mfereji unaotoka kidimbwini hadi vichanjani utakauka saa nne, na baada ya hapo hapapitiki. Mia moja na sitini kwa wanawake kumi na wawili, kwenye matope yale? Hamtawahi."

Siwatu alikuwa ameshashika simu ya upepo.

Aliwaambia watu wa pantoni kila kitu. Hakupamba. Aliwaambia kwamba taa mia nne na sitini hazikuwa zote za kweli, na kwamba zile za kweli hazitoshi. Aliwaambia kwamba anahitaji mikono yao ibebe chaza wagonjwa na kuwarudisha, na kwamba chaza hao hao huenda wakawarudisha wao Mkongo jioni hii na magodoro yao.

Simu ilikoroma. Nyuma yake alisikia kuku, na mtu akikohoa.

Kisha Mtoro akasema, "Mnavyo viatu vya mpira vya kutosha?"

*

Kilichofuata kilisimuliwa Nyamatanga kwa miaka mingi, na kila msimuliaji aliongeza idadi ya watu. Kwa kweli walikuwa arobaini na saba. Walisimama msururu tangu kidimbwini, kupita katikati ya mikoko, hadi kichanja cha mwisho, na vikapu vikapita mkono kwa mkono. Watoto walibaki kwenye pantoni wakipiga kelele za kuhimiza kana kwamba ni mpira.

"Mia mbili na kumi na nane!"

"Kichanja cha tisa, mpe bibi!"

"Polepole, huyo ni mgonjwa siyo tofali!"

"Tofali ni wewe, sogeza mguu!"

Bi. Hadia alipokea kila mmoja. Alivua kipini kwa mgeni, akamvisha mwenyewe, akasoma namba kwa sauti, na kila mgeni aliyeondoka alimwambia, "Ahsante, nenda nyumbani sasa." Mwanamume mmoja alianza kucheka, akawaona wenzake hawacheki, akaanza naye kuwashukuru.

Saa nne kasoro dakika tano mfereji ukawa matope matupu, na kikapu cha mwisho kilikuwa kitupu.

Ubaoni, taa mia moja na sitini zilikuwa zimezimika. Chaza akishikwa hujifunga, ndiyo tabia yake. Zikabaki mia tatu, na watu wakajazana kibandani na madirishani, wananuka tope na jasho, hakuna aliyetaka kukaa.

Saa nne na nusu ikawaka moja. Kichanja cha pili.

"Huyo ni Kibogoyo," alisema Bi. Hadia. "Ana kombe limemeguka. Nilijua."

Zikawaka tatu pamoja. Kisha kumi. Kila taa iliyowaka ilipokewa kwa sauti ya chini, kama watu wanaomtazama mtoto akijifunza kutembea na hawataki kumshtua. Saa tano, mia tatu na ishirini na mbili. Saa tano na nusu, mia tatu na thelathini na tano. Somoe alikuwa ameuma kanga. Mtoro alikuwa ameuma ncha ya pili ya kanga hiyo hiyo.

Saa sita maji yakasimama.

Mia tatu na thelathini na nane.

Bwana Kilindo aliandika namba ile polepole, akaipigia mstari. Mtu nyuma alianza kulia, na Siwatu alijua ni Somoe bila kugeuka. Alitaka naye aketi chini. Badala yake akaendelea kuutazama ubao, kwa sababu kulikuwa na kitu pale, na moyo wake ulikuwa umeanza tena kupiga kabla akili haijajua kwa nini.

"Zimeni taa ya dari," alisema.

"Mama Mwanate, yamekwisha," alisema Bwana Kilindo kwa upole.

"Zimeni, na mfunge madirisha."

Giza lilipoingia, mto ulibaki peke yake ukutani. Kutoka Mkongo hadi kichanja cha nane ulikuwa kijani kitupu, bila pengo hata moja. Kutoka cha kumi na sita hadi baharini, kijani kitupu. Katikati, tangu cha tisa hadi cha kumi na tano, palikuwa peusi kama mahali penye jino lililong'oka, na weusi ulikuwa mzito zaidi kati ya cha kumi na mbili na cha kumi na tatu.

"Miaka mitatu," alisema Siwatu. "Miaka mitatu ulikuwa unatuonyesha panapouma, na sisi tulikuwa tunapafunika shuka."

Bi. Hadia akaweka mkono mdomoni.

"Pale kuna nini?" aliuliza Bwana Kilindo.

Mtoro ndiye aliyejibu. "Tuta. Tuta la yale mabwawa ya kamba wa kufuga, ya kampuni iliyoondoka kabla sijaoa."

Hawakutembea, walikimbia, mkaguzi akiwa mbele na viatu vyake vya ofisini. Kati ya kichanja cha kumi na mbili na cha kumi na tatu tuta lilikuwa limebonyea, na pale lilipobonyea hapakuota hata nyasi. Mtoro alichomeka upondo wake wa kusukumia mashua. Uliingia dhiraa mbili, ukagonga kitu kilicholia tupu. Alipouchomoa ulikuwa na kipande cha plastiki ya pipa la buluu, na harufu iliyotoka ilimfanya kila mtu ajifunike pua. Harufu ya dawa ya zamani, kali na tamu.

Bwana Kilindo alichovya kijiti chake cha kupimia. Akakitazama. Akamwonyesha Siwatu, kisha akamkumbatia Mtoro, tope na yote.

"Chanzo," alisema. "Andikeni saa. Chanzo kimejulikana. Siku kumi na nne, jamani, mapipa yatakuwa yametoka, na bamvua lijalo mto utasema tena."

*

Bi. Hadia hakuwa amefika kwenye tuta. Siwatu alimkuta kwenye kichanja cha tisa, amesimama kando ya wagonjwa wake.

"Niliwanyamazisha," alisema. "Kwa huruma yangu."

"Uliwaweka hai, bibi. Wangekufa mwaka wa kwanza, leo tusingekuwa na wa kutuambia lolote."

Bi. Hadia aligusa kombe la mgonjwa mmoja. "Na sasa nitawaacha humu, na sumu iko pale inawatazama?"

"Kaa nao, bibi. Usiwabadilishe tu."

"Kukaa naweza," alisema Bi. Hadia, akaomba aletewe kigoda.

Kwenye kamba ya mpaka, Mwanate alikuwa ameinama juu ya ukingo wa pantoni, bibi yake, aliyekaa naye Mkongo, amemshika gauni kwa nyuma. Siwatu alisimama chini kwenye matope. Kati yao palikuwa na hatua nne za maji ambazo sheria ilikataza mtoto kuzigusa.

"Umefungua na la pili, mama?"

"Bado. Lakini umetuambia mahali unapoumwa."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, ameelewa. Alikuwa amewahi kuulizwa swali hilo na daktari. "Basi utapona," alisema. "Mimi niliposema tumbo, nilipona. Siku ngapi?"

"Kumi na nne."

Mwanate alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya bibi yake. Kisha akageuka, akalivuta godoro lake dogo lenye maua, akalisukuma mpaka likaning'inia ukingoni.

"Chukua hili," alisema. "Kwa nini lirudi Mkongo, halafu lije tena?"

Mtoro alilipokea kichwani. Somoe akafikiri kidogo, akapanda pantoni, akaanza kuteremsha la mumewe. Halafu jirani. Pantoni ilipogeuka kurudi Mkongo ilikuwa nyepesi, imebeba watu na kuku tu, na nyumba arobaini za Nyamatanga zilikuwa zimetandikwa.